Mikoa 9 kwa siku 14: ratiba ya mdogo wangu itatuua

Mjomba, shikamoo.

Naishi Tabata na mume wangu na binti yetu wa miaka 12. Mdogo wangu wa kiume yuko Hamburg, huu ni mwaka wa 11. Kaoa huko, na wana watoto wawili, mmoja miaka 9 na mwingine 6. Mwaka huu shule zikifungwa wanakuja wote. Wanatua tarehe 20 Desemba usiku, na ndege ya kurudi ni tarehe 3 Januari usiku. Wifi yangu na watoto hawajawahi kuikanyaga Tanzania, kwa hiyo mdogo wangu anataka "waione nchi yote." Maneno yake hayo.

Wiki iliyopita kanitumia ratiba, imepakwa rangi kila siku na rangi yake. Tunapanda treni Dar hadi Kigoma tukaone sokwe wa Gombe. Kutoka hapo gari hadi Mwanza. Mwanza tunaingia Serengeti kuona nyumbu wakivuka mto, tunatokea Arusha, tunalala Moshi, tunarudi Dar tukipitia Lushoto kula chakula cha mchana, tunavuka Zanzibar, tunarudi tena Dar, tunapanda treni ya TAZARA hadi Mbeya kwa sababu wifi aliiona kwenye televisheni ya kwao, halafu Mbeya hadi Dar kwa gari kuwahi ndege. Nimehesabu mikoa 9.

Nilipomwambia ni mbali akanijibu, "Dada, Hamburg hadi Munich ni karibu kilomita 800 na tunakwenda kwa saa 8 tukiwa na watoto." Mume wangu kanyamaza, hataki aonekane anamkatalia shemeji yake. Tutakuwa watu wanane pamoja na mama. Mama ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Ukimuuliza anataka wapi anasema yeye popote, ila akifika Lushoto akamwona dada yake atashukuru.

Na fedha, Mjomba. Mdogo wangu anasema tugawane nusu kwa nusu, familia mbili. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Sitaki kumvunja moyo, miaka yote hiyo hajaja na watoto. Nimwambie nini, na twende wapi?

Dada Mkubwa, Tabata

Marahaba, mwanangu.

Ratiba hiyo nimeisoma nikiwa na kalamu. Nilikata tiketi za mabasi Ubungo miaka mingi kabla stendi haijahamia Mbezi, kwa hiyo kuhesabu saa za watu barabarani ni ugonjwa wangu. Treni ya Kigoma peke yake inakula saa 40 hivi, maana reli ile ya Mjerumani ina zaidi ya kilomita 1,250, na hapo ni ikienda vizuri. SGR, ile treni mpya ya umeme inayosifiwa, haifiki huko, kwa sasa abiria wake wanaishia Dodoma. Kigoma hadi Mwanza ni kutwa nzima, hata baada ya Daraja la Kigongo–Busisi kutuondolea foleni ya pantoni. Ukiongeza Serengeti, Arusha, Moshi, Dar, kwenda na kurudi Zanzibar, TAZARA hadi Mbeya na zile kilomita 830 za kurudi, napata saa karibu 120. Hizo ni siku tano kamili, mchana na usiku, bila kushuka. Mtoto wa miaka 6 atakumbuka nini zaidi ya kiti cha mbele yake?

Hesabu ya Munich haifanyi kazi hapa, wala si kwa sababu barabara zetu ni mbovu. Lami ipo. Ila kila kijiji kina kibao cha 50, na mbele ya kibao, chini ya mwembe, kuna trafiki na tochi ya kupima mwendo. Faini ni 30,000 kwa kosa. Weka matuta, malori, ng'ombe, na mama anayehitaji kunyoosha magoti kila baada ya saa mbili. Mimi nachukua kilomita nagawa kwa 60, kisha naongeza saa moja ya kula na kujisaidia. Ramani ya simu usiiulize, haijui kuna mtu ataomba mahindi ya kuchoma.

Na hao nyumbu. Mwambie mdogo wako, kwa upole, kwamba Desemba nyumbu hawapo Mto Mara. Kule wanavuka kati ya Julai na Oktoba. Desemba wanashuka kusini kufuata majani mabichi, upande wa Ndutu. Atalipa pesa nyingi kwenda kutazama maji.

Sasa kitu ambacho ninyi nyote, naona, mmekisahau. Tarehe 20 Desemba ni wakati Dar inahamia Kilimanjaro. Wachaga wanakwenda kuhesabiwa, kama watani wao tunavyosema, na barabara ya Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo inakuwa mkia mmoja wa Noah na mabasi. Ukitoka Dar na watoto wawili wageni kwenda kaskazini kwa njia hiyo tarehe 22, utaijua rangi ya taa za nyuma za kila gari. Hapa ndipo treni inapokuwa na maana kwenu. Pandeni SGR hadi Dodoma, mwingie kaskazini kwa mlango wa nyuma, kupitia Kondoa na Babati, kisha mteremke na njia ile ya Moshi wakati wenzenu bado wapo kwao wanakula ndafu. Mduara mmoja, mtarudia vipande vifupi tu vya barabara.

Usiku wa tarehe 20 na 21 mlale Dar. Watoto watoke kwenye baridi waone jasho, bibi awatazame. Tarehe 22 asubuhi ndiyo treni. Tiketi zinunuliwe mapema kadiri mfumo utakavyoruhusu, maana wiki hiyo viti vinakwisha, na namba za vitambulisho ziwe tayari, NIDA kwenu na pasipoti kwa wageni. Ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 nauli ya treni ya kawaida ilikuwa 31,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa watoto wa miaka 4 hadi 12, ya haraka ikiwa juu zaidi. Ulizeni ya leo. Safari ni saa nne hivi, na ile ya haraka inapungua. Mkipata kuchagua viti, kaeni kushoto. Mkikaribia Morogoro Milima ya Uluguru inasimama upande huo, na baada ya hapo watoto waanze kuhesabu mahandaki ya Kilosa. Fikeni stesheni mapema sana, mizigo inapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege na geti likifungwa limefungwa. Na tafadhali mdogo wako asichanganye: tiketi ikiandikwa 06:00 ni saa 12 asubuhi, si saa 6. Usicheke. Waliokaa nje muda mrefu nimewaona wakifika stesheni na jua la utosi, wana soda mkononi, treni iko Dodoma.

Gari je? Nyie ni wanane na dereva wa tisa, kwa hiyo Noah isahauni, watu wenyewe hawataenea, na mabegi ya Hamburg yatalala wapi? Kodini Hiace nzima Dar, pamoja na dereva, kwa bei ya siku, na mkubaliane kabla kuhusu mafuta na posho yake ya kulala. Kisha huyo dereva atangulie tarehe 21 na mabegi makubwa yote. Alale gesti Dodoma, mlipie, ni rahisi kuliko kubebwa na mtu mwenye usingizi. Nyinyi mnapanda treni na vikapu vidogo, mnashuka Dodoma, na stesheni yenyewe haiko katikati ya mji, mnamkuta anawasubiri nje. Mkikodi gari hukohuko Dodoma na kulirudishia Dar, mwenye gari atawatoza safari tupu ya kurudi. Usiku huo Dodoma unatosha. Sina la kuwaonyesha wageni pale zaidi ya zabibu na upepo, wanisamehe Wagogo.

Tarehe 23, Dodoma hadi Babati, kilomita 250 za lami. Njiani, mbele kidogo ya Kondoa, kuna Kolo, na hapo ni lazima msimame. Ni michoro ya miambani ya watu wa kale, wawindaji, wanyama na watu warefu wembamba kwa rangi nyekundu, iliyoingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Mnalipa na kuchukua mwongozaji palepale ofisini. Lakini kuna kupanda, na barabara ya kuingia ni ya vumbi, au matope kama mvua imenyesha. Mama asipande. Mwachieni kiti, kivuli, chupa ya chai na mjukuu mmoja mvivu. Mkitoka hapo msikawie, giza lisiwakute kabla ya Babati. Asubuhi mkipitia ziwani mnaweza kuona viboko bure.

Tarehe 24 ni siku fupi, Babati hadi Karatu. Mkipita Makuyuni watoto wakae dirishani, twiga wa barabarani hana kiingilio. Lala Karatu usiku wa 24, 25 na 26. Tarehe 25 ndiyo siku ya Kreta ya Ngorongoro. Hiace haishuki mle, wanaruhusu magari ya 4x4 tu, kwa hiyo kwa siku moja kodini gari la safari hapohapo Karatu. Vaeni masweta, ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 na asubuhi ukungu unaingia mpaka mfukoni. Chini kuna simba, tembo, nyati, na faru kama mna bahati. Twiga hawamo, kwa hiyo yule mdogo akishaanza kumuuliza baba yake twiga wako wapi mmeshajua jibu. Mama akitaka abaki hotelini abaki, ingawa kwenye gari lenye paa la kufunguka anaweza kuona kila kitu akiwa amekaa. Tarehe 26 msifanye lolote. Nguo zifuliwe. Anayetaka ateremke Mto wa Mbu akanunue ndizi nyekundu.

Najua mdogo wako atasema tukifika Karatu Serengeti si hapo tu? Si hapo tu. Ni siku mbili nyingine, na viingilio vingine. Na hapa tuzungumze fedha. Raia analipa kwa shilingi. Mgeni analipa kiwango cha wageni, mara kadhaa ya chako, na gari nalo linalipiwa kushuka kreta. Getini wataangalia pasipoti ya mtu, lafudhi haihesabiwi. Kama mdogo wako kachukua uraia wa kule, naye ni mgeni, hata akiongea Kisambaa. Kwa hiyo nusu kwa nusu haiwezekani, mwanangu, na si aibu kuisema. Viingilio kila familia ilipe vyake. Gari, mafuta na dereva mgawane kwa vichwa. Vyumba kila mtu chake, na cha mama mmpe nyinyi wawili. Mwambie kwa simu, usiandike. Maandishi ya fedha kati ya ndugu husomwa kwa sauti ya ugomvi.

Tarehe 27, Karatu hadi Moshi, kilomita 225 hivi. Arusha msiingie mjini, piteni barabara ya mchepuo. Moshi ni usiku mmoja wa kulala tu, na chumba kiwekwe tangu sasa, maana mji umejaa waliorudi nyumbani. Mlima ukijifunua utajifunua alfajiri au jioni. Mchana jifanyeni hamuujui.

Na tarehe 28 mpandishe Lushoto.

Nimeirudia barua yako mara tatu. Watu wanane wana mikoa 9, na mtu mmoja tu kataja kitu anachokitaka hasa, huyo mama yako, tena kakisema kwa kuomba radhi. Kwenye ratiba ya rangi kapewa saa mbili, na humo kuna wali wa kula. Dada wawili wazee, mmoja hana magoti, wataanza kusalimiana tu saa mbili zimekwisha. Mimi nimempa usiku nne, tarehe 28 hadi 31. Wageni hawatachoshwa. Kutoka Mombo ni kilomita 33 za kona juu ya kona na mto pembeni, mnapita maporomoko ya Soni, na hewa inabadilika mpaka watoto wanafunga dirisha wenyewe. Kuna Irente, mwamba ambao ukisimama unaona tambarare yote chini na magari kama siafu. Matunda damu na mapichi ni msimu wake. Na kuna jiko la mama mkubwa, ambako wifi yako atajifunza mambo ya ukoo huu kuliko kwenye lodji yoyote. Ila mfike Mombo kabla ya saa 10 jioni. Mvua ikinyesha, mawe huanguka barabarani, na kona zile usiku si za dereva mgeni.

Tarehe 1 Januari asubuhi, wenzenu wakiwa wamelala na shamrashamra zao, mteremke. Ni kilomita 370 hivi hadi Dar, chukueni saa 8. Mkifika Msata kateni kushoto kwenda Bagamoyo, mnakwepa Chalinze na foleni yote ya Kibaha na Mbezi, na mnaweza kula samaki pwani kabla ya kuingia mjini. Wale wa Kilimanjaro wataanza kurudi kwa wingi tarehe 2 na kuendelea, mtakuwa mmeshawaacha. Usiku wa tarehe 1 na 2 uwe mtupu. Atakuambia hapo Zanzibar inaingia. Mkatalie. Hizo ndizo siku za gari kuharibika, mtoto kuharisha, au mama kusema abaki Lushoto siku moja zaidi. Zisipotumika, Kariakoo ipo.

TAZARA simdharau. Kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita ndani ya hifadhi na mabonde ambayo barabara haiyaoni. Wifi yako ana macho mazuri. Lakini kuchelewa kwa saa kadhaa njia ile si habari, na kabla ya kupanga chochote mtu aende stesheni akaulize kama treni ya abiria inakwenda wiki hiyo. Ni safari ya mtu asiye na ndege ya kuwahi. Warudi mwaka mwingine, wao wawili, watoto wakuachie wewe.

Sasa utamwambiaje? Usimwambie haiwezekani, mtu wa kupanga kwa rangi ukimwambia hivyo anaongeza rangi. Chukua ratiba yake ileile, ongeza safu mbili, moja "saa za garini" na nyingine "tunafika saa ngapi, tunalala wapi." Mwombe azijaze mwenyewe, kwa hesabu ya 60. Hii yangu ikijazwa hivyo inatoka saa 31 kwa siku zote 14. Yake ataijumlisha, atanyamaza siku mbili, kisha atakupigia simu na kusema amepata wazo jipya. Wewe mwitikie kama hujawahi kulisikia.

Jambo moja la mwisho, tena lifanye leo. Niliwahi kukodi gari la kwenda huko huko, kampuni yenyewe siitaji, tairi likapasuka karibu na Hedaru saa 8 mchana, pande zote mkonge na joto. Tukafungua nyuma. Spea ilikuwepo, imelala vizuri, kipara kama mimi na haina upepo hata kidogo. Tulikaa pale hadi magharibi. Kabla hujatoa hata shilingi ya kianzio, mwambie mwenye Hiace aitoe spea nje, aisimamishe juani, na akutumie picha.